Bob Marley na Kidole cha Mguu: Maisha ya Gwiji na Somo kwa Ngozi Zetu

Nawaandikia kutoka Qantab, kijiji cha wavuvi kilichojificha kati ya milima na bahari, upande wa mashariki wa mji wa Muscat.

Wahariri waliponipa nafasi ya kuandika juu ya mtu maarufu aliyekwisha tangulia mbele ya haki, nadhani walitegemea mhandisi ataleta habari za mhandisi mwenzake. Samahani, nimemchagua Bob Marley. Najua wengine mtasema, jamani, Marley tena? Picha yake iko kwenye fulana, kwenye daladala, kwenye matatu na ukutani mwa mabweni yote niliyowahi kulala. Lakini hebu fanyeni jaribio dogo. Waulizeni watu watano alikufa kwa kitu gani. Mmoja atasema risasi. Wa pili atasema bangi ilimharibu mapafu. Wa tatu atakupa hadithi ndefu ya majasusi waliomtumia viatu vyenye waya wa sumu. Mimi mwenyewe nimezisikia zote tatu, tena kutoka kwa watu wenye digrii.

Ukweli ni kwamba Bob Marley aliuawa na kansa ya ngozi, iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alikuwa na miaka 36. Mimi mwaka huu nina 30, na nikipiga hesabu naona alikuwa kijana kabisa. Ninavyosomea uzamivu katika uhandisi, upande wa mwanga na uchakataji wa picha, kifo chake kimekuwa kinanisumbua kwa namna ya pekee. Kitu kilichomuua hakikujificha ndani ya ini wala kwenye mfupa. Kilikuwa juu ya mwili, mahali ambapo macho yanafika.

Mtoto wa Nine Mile

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 Februari 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann, nchini Jamaika. Mama yake, Cedella, alikuwa msichana wa miaka 18 wa hapo hapo kijijini. Baba yake, Norval Marley, alikuwa Mjamaika mweupe mwenye umri wa kumzaa huyo mama, na hakukaa na familia. Alifariki mwaka 1955 mtoto akiwa na miaka 10. Kwa hiyo Bob alilelewa na mama na babu, akachunga mbuzi kama wengi wetu, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 wakahamia Kingston, mtaa wa Trench Town. Huko ni maisha ya vibanda na mifereji, yale yale ya Manzese, Kibera au Katwe.

Alipoacha shule alipelekwa kujifunza uchomeleaji. Hapa sisi mafundi tunampata. Siku moja akiwa kazini kipande cha chuma kilimruka kikamwingia jichoni. Kilitolewa, jicho likapona, naye akaiaga karakana akashika muziki moja kwa moja. Mwaka 1962 alirekodi nyimbo zake za kwanza, na mwaka 1963 yeye na rafiki zake Peter Tosh na Bunny Wailer wakaunda kundi lililokuja kuitwa The Wailers.

Umaarufu wa Jamaika haukumpa pesa. Februari 1966 alimwoa Rita, na siku chache baadaye akapanda ndege kwenda Marekani kwa mama yake, aliyekuwa amehamia Wilmington, jimbo la Delaware. Nyinyi mnaobeba maboksi usiku na kusoma mchana, mjue mwenzenu alipita njia hiyo hiyo. Kwa vipindi alivyokaa huko alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya DuPont na katika kiwanda cha magari cha Chrysler, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Wimbo wake uitwao Night Shift, wa mwaka 1976, umetokana na zamu hizo. Na kwa sababu ya kubeba maboksi alikosa tukio kubwa kuliko yote kwa Marasta: tarehe 21 Aprili 1966 Mfalme Haile Selassie alitua Kingston, Bob akiwa ughaibuni.

Mengine mnayajua, nitayapita haraka. Mwaka 1972 waliingia mkataba na Chris Blackwell wa Island Records, mwaka 1973 ikatoka albamu ya Catch a Fire, na kufikia 1975 London nzima ilikuwa inaimba naye. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki walivamia nyumba yake Kingston wakamjeruhi yeye, mkewe na meneja wake. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani na majeraha yake, kisha akahamia London. Risasi, kwa hiyo, ni kweli zilimpata. Ila hazikumuua.

Kidole

Marley aliupenda mpira wa miguu karibu sawa na muziki. Kidole chake kiliwahi kuumia uwanjani, na mwaka 1977, wakati wa ziara ya albamu ya Exodus, kikaumia tena akicheza mjini Paris. Ukucha ukang'oka. Kidonda kikakataa kupona. Mchezaji yeyote angesema ni kawaida, ukucha utaota. Alipopimwa, Julai 1977, madaktari wakakuta melanoma.

Nieleze kidogo. Ngozi yetu ina seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, ile inayotufanya tuwe weusi. Seli hizo zikiharibika na kuanza kuzaana ovyo, ndiyo melanoma, kansa ya ngozi yenye kasi na hatari kubwa. Kwa wazungu mara nyingi inahusiana na jua. Kwa watu weusi ni nadra, lakini inapotokea hupenda kukaa mahali pasipo na rangi nyingi na pasipopigwa na jua: wayo wa mguu, kiganja cha mkono, na chini ya ukucha. Kwa hiyo ule msemo wetu kwamba mtu mweusi hapati kansa ya ngozi ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomkuta Marley. Wala mpira haukuthibitika kuwa chanzo. Huenda jeraha lilivuta tu macho mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umekwisha anza, au likawapa watu sababu ya kutokuushuku.

Alishauriwa kidole kikatwe. Hakukubali. Imani yake ya Rasta iliuona mwili kuwa kitu kisichopaswa kupunguzwa, na inasimuliwa pia kwamba alifikiria jukwaa na uwanja wa mpira. Huko Miami alifanyiwa upasuaji mdogo zaidi: waliondoa ukucha na nyama ya chini yake, wakapandikiza ngozi kutoka pajani. Ziara ya Marekani ikafutwa.

Wengi humlaumu hapa, wanasema dini ilimponza. Mimi siko tayari kumhukumu. Hakuna anayejua kama ugonjwa ulikuwa umekwisha safiri siku ile. Tena siku hizi melanoma ya ukucha ikikamatwa mapema kabisa, madaktari wengi huondoa ukucha na sehemu inayouzunguka na kukiacha kidole. Shida ni lile neno mapema.

Miaka mitatu ya mwisho

Alichofanya baada ya hapo kinashangaza. Aprili 1978 alirudi Kingston, na katika tamasha la amani akawapandisha jukwaani Michael Manley na Edward Seaga, mahasimu wakubwa wa siasa, akaunganisha mikono yao mbele ya umati. Mwaka huo huo akafika Ethiopia, akaenda Shashamane, ardhi ambayo Haile Selassie aliwapa watu weusi waliotaka kurudi Afrika. Mwaka 1979 akatoa Survival, albamu yenye bendera za nchi za Afrika juu ya jalada. Januari 1980 alipiga Gabon. Na usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 alikuwa uwanja wa Rufaro, mji ulioitwa bado Salisbury, Zimbabwe ikizaliwa. Vyombo vilisafirishwa kwa fedha zake mwenyewe. Watu walisukumana kuingia, polisi wakarusha mabomu ya machozi, Marley akaondoka jukwaani kisha akarudi akaendelea. Waliokuwapo, nadhani, waliona mtu mwenye nguvu kamili.

Tarehe 21 Septemba 1980, baada ya maonyesho mawili New York, alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park. Vipimo vikaonyesha kansa imefika kwenye ubongo. Siku mbili baadaye alipiga onyesho la mwisho mjini Pittsburgh. Kisha akatibiwa Bavaria, Ujerumani, kwa daktari Josef Issels, ambaye tiba zake zilipingwa na madaktari wengi. Mei 1981 alianza safari ya kurudi kufia nyumbani. Hakufika. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, na tarehe 21 Mei Jamaika ikamzika kwa heshima za taifa, kaburi likiwa pale pale Nine Mile.

Je, leo ingekuwaje?

Hapa sasa naomba nirudi kwenye fani yangu. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, alionyesha kwamba hatari ya melanoma inafuata unene wake, tena kwa milimita. Ikiwa bado nyembamba, chini ya milimita 1, wengi sana hupona kwa upasuaji peke yake. Ikizama, inapata mishipa na kusafiri. Kwa hiyo vita yote ni ya sehemu za milimita, na swali la mhandisi ni hili: tutaonaje chini ya ngozi bila kukata?

Wavuvi wa Qantab wangewaeleza tatizo hilo vizuri kuliko mimi. Saa sita mchana ukitazama bahari huoni samaki hata mmoja, unaona jua tu linakurudia machoni. Weka kioo cha kuzamia juu ya maji, mara ile unaona mpaka mawe ya chini. Ngozi ni hivyo hivyo: mwanga mwingi hugonga juu ukarudi, ukaficha kilichomo. Chombo kiitwacho demoskopu ni lenzi inayokuza kama mara 10, ina taa yake, na hutumia mafuta au mwanga uliochujwa ili kuua ule mng'ao. Daktari anakigusisha kwenye ngozi na kuona rangi imekaaje chini. Hakuna sindano wala maumivu. Mwaka 1977 mbinu hii ilikuwa mikononi mwa wataalamu wachache tu.

Kwa nyayo zetu ina faida kubwa, na waliotufungua macho ni madaktari wa Japani, ambako melanoma ya nyayo ndiyo inayoonekana zaidi. Tazama unyayo wako: una mistari kama shamba la viazi, matuta na vifereji. Kidoa cha kawaida, rangi yake mara nyingi hukaa kwenye vifereji, kama maji ya mvua. Melanoma inapoanza, rangi hupanda juu ya matuta. Shamba likionyesha matuta meusi, daktari hangoji.

Viko vyombo vingine vya gharama zaidi. Hadubini ya konfokali hutumia leza, na tangu mwaka 1995 imeweza kuonyesha seli za ngozi ya mtu aliye hai, ila inafika chini kwa sehemu kama mbili au tatu za kumi za milimita tu. Kipimo cha OCT, kilichotangazwa mwaka 1991, hupima mwangwi wa mwanga kama sona ya boti inavyopima mwangwi wa sauti, na hufika milimita 1 hadi 2. Ultrasaundi ya masafa ya juu huenda chini zaidi lakini picha yake si kali. Kila kimoja kina kikomo. Ngozi nene ya unyayo, kwa mfano, inaisumbua sana ile leza. Na vyote havijaondoa kazi ya mwisho, yaani kukata kipande kidogo na kukipima maabara pale penye shaka. Vinachofanya ni kupunguza visu visivyo vya lazima, na kuwahi vile vya lazima.

Mtu aliyenifundisha thamani ya jambo hilo ni shangazi yangu ninayekaa kwake hapa Qantab. Huku kama kwetu Unguja, harusi haiendi bila hina na piko, na akina mama hupakwa mpaka kwenye kucha na nyayo. Baada ya harusi moja hina yote ilififia, likabaki waa jeusi kisiginoni. Yeye akasema ni piko lililogoma kutoka. Wiki zikapita, likagoma kweli. Kila nikimwomba twende hospitali anabadilisha mazungumzo, mpaka siku moja akaniambia wazi kwamba haogopi ugonjwa, anaogopa kisu. Nikamwapia kwamba kuna kutazama kabla ya kukata. Akakubali. Daktari alipaka mafuta, akagusisha lenzi, picha ikatokea kwenye skrini, nasi wote watatu tukaona: rangi imekaa kwenye vifereji, matuta ni safi. Ilichukua dakika chache. Picha ikahifadhiwa, akarudi baada ya miezi 6, hakuna kilichobadilika. Siku hizi kabla hajapakwa hina yeye ndiye anayekagua nyayo za wenzake, na usijaribu kumkatalia.

Lakini tusilewe teknolojia. Wengi wenu mmesikia programu za simu zinazodai kutambua kansa ya ngozi kwa picha. Programu hujifunza kwa picha ilizoonyeshwa. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulikagua hazina 21 za picha za ngozi zilizo wazi kwa watafiti, jumla ya picha zaidi ya 100,000. Aina ya ngozi ya mgonjwa iliandikwa kwa picha 2,436 tu. Kati ya hizo, za ngozi ya kahawia zilikuwa 10, na ya ngozi nyeusi kabisa ilikuwa 1. Moja! Mwenzangu unayesomea kompyuta, hapo ndipo penye tasnifu yako. Kama sisi hatutakusanya picha za nyayo na kucha za watu wetu, kwa ridhaa yao na kwa heshima, hakuna atakayetukusanyia.

Kwetu Afrika Mashariki kazi ya ngozi ipo. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilifunguliwa mwaka 1992, na kimewahudumia sana ndugu zetu albino, ambao kansa yao huletwa na jua na hukaa usoni, masikioni na shingoni. Wao kinga yao ni kofia, nguo na mafuta ya kuzuia jua. Sisi wenye melanini nyingi, hii ya Marley haizuiwi kwa kofia. Inakamatwa kwa macho.

Basi tuangalie nini?

Kwanza, msiogope ovyo. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida sana kwa watu weusi, na huongezeka na umri. Kinachotaka daktari ni mstari mpya kwenye ukucha mmoja wa mtu mzima, hasa ukizidi upana wa milimita 3 au ukiendelea kupanuka. Zaidi ya yote, weusi unaotoka kwenye ukucha na kumwagikia ngozi inayouzunguka, dalili iliyoelezwa na daktari wa Uingereza, Jonathan Hutchinson, tangu mwaka 1886. Vilevile waa jipya kwenye unyayo au kiganja linalokua, na jeraha la kidoleni lisilopona. Damu iliyovilia baada ya kukanyagwa mpirani husogea mbele kadiri ukucha unavyoota. Ukiona haisogei, usiendelee kuisingizia mpira.

Na ukifika kwa daktari wa huko uliko, usione haya kumwambia kwamba unataka unyayo na kucha zitazamwe kwa lenzi. Wengine wao hawajaona ngozi nyingi kama yetu. Mweleze kwa adabu, ila usiondoke mpaka akutazame.

Marley alitupa nyimbo za umoja wa Afrika akiwa na kansa mwilini, na sidhani tunamlipa kwa kuvaa fulana yake. Napendekeza mashindano yetu ya mpira yajayo, kila timu ikivua viatu, kila mtu akague miguu ya mwenzake. Itachekesha, najua. Ila wewe usisubiri mashindano. Usiku wa leo vua soksi, washa taa, tazama kucha zote 20, kisha geuza nyayo. Kama huzifikii, mwite mwenzako wa chumba.